Buluu Isiyoruhusiwa Kukauka

Mgeni alifika kwa Bi Zamoyoni siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na hodi yake haikukamilika, kwa sababu alipofungua mdomo kuibisha alikanyaga ungo wa maharage. Bi Zamoyoni alikuwa amekaa barazani akiyachambua maharage hayo kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alisikia tu kitu kirefu kinaanguka, kisha sauti changa ikisema, "Samahani, samahani sana, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni mtu au ng'ombe?"

"Mtu, bibi. Natoka Wizara ya Mwonekano."

"Basi sikukosea sana."

Mgeni alipiga magoti akaanza kuokota maharage, moja moja, na kuyapangusa kwenye suruali yake mpya. Jina lake lilikuwa Lameki, umri wake miaka ishirini na minne, na alikuwa na shahada ya Mwonekano wa Taifa, maana yake alikuwa amesomea miaka mitatu namna ya kutazama. Alikuwa mmoja wa vijana wanaoamini kwamba fomu ikijazwa vizuri, jambo hutokea. Tusimcheke. Nchi ile ilikuwa na fomu nyingi kuliko vijana wa aina hiyo.

Nchi yenyewe hatutaitaja. Si kwa woga. Jina lake lilikuwa limeshushwa kwenye mabango yote ili lipakwe rangi upya, na mpaka tunaandika haya halijarudishwa.

"Bibi," alisema Lameki alipomaliza maharage, "nimekuja kukuchagulisha rangi ya nyumba."

Akaeleza. Baada ya majuma manne, Mlezi wa Taifa angepita barabara hii akienda kuzindua Mnara wa Bomba. Mnara huo ulikuwa sanamu ya bomba la maji, shaba tupu, urefu mita ishirini, uliojengwa kuadhimisha miaka kumi na moja tangu wakazi wa Mtaa wa Bomba Kavu waahidiwe maji. Mtaro wa kupitishia mabomba ya kweli ulikuwa bado uko wazi mbele ya nyumba, na watoto waliozaliwa mwaka ulipochimbwa sasa waliuruka kila siku wakienda shule. Ilikuwa imepangwa kwamba Mlezi, akipita, aone nyumba zenye furaha. Kila nyumba ingepakwa bure, kwa rangi ya chaguo la mwenyewe.

Lameki akampa kadi tatu za rangi. Bi Zamoyoni akaileta ya kwanza karibu na pua.

"Hii?"

"Hiyo ni Anga la Matumaini."

"Na hii?"

"Kilindi cha Amani."

"Hii nayo?"

"Alfajiri ya Maendeleo."

"Mwanangu, jicho langu moja limekufa na la pili linaaga. Lakini hizi mbona zote ni buluu moja?"

Lameki akazichukua, akazielekeza kwenye mwanga, akazitazama kwa muda mrefu kama alivyofundishwa chuoni. "Majina ni tofauti," akasema, na masikio yakapata moto.

"Niandikie hiyo ya matumaini. Amani naisikia redioni kila siku."

Fomu ilikuwa na mstari wa saba, na Lameki aliupenda mstari huo kuliko yote. Uliitwa Rangi ya Msisitizo, yaani ile rangi ndogo inayokaa kwenye fremu za milango na madirisha ili kubwa ipate kuonekana. Mafundi waliiita rangi ya pembeni tu. Mbele ya maneno hayo hapakuwa na kadi wala orodha. Palikuwa na nafasi tupu.

"Hapa, bibi, unataja yoyote utakayo."

"Yoyote?"

"Yoyote kabisa."

"Njano," alisema Bi Zamoyoni bila kupumua. "Kama ile pale. Geuka utazame."

Lameki akageuka. Mtaa ule ulikuwa na nyumba kumi na nne za mstari mmoja, zilizojengwa na mkandarasi mmoja kwa ramani moja, milango yote ikitazama upande mmoja. Fremu ya mlango wa Bi Zamoyoni ilikuwa na njano iliyochubuka, kama ganda la ndizi la juzi.

"Rangi nyingine zimeshanikimbia," alisema bibi. "Nyekundu ilitangulia, kijani ikafuata. Njano bado inanifikia. Nikitoka sokoni nasimama barabarani, natafuta kile kipande cha njano, nakifuata, nakuta kitanda changu. Mwaka jana ilipofifia niliingia kwa Kitwana, jirani. Nikavua viatu, nikakaa, nikamkuta mwanamume anaoga uani. Nikamfokea toka nyumbani kwangu, mshenzi wewe! Akatoka kweli, na povu lake, akasimama barabarani."

"Nilidhani nimepewa notisi!" sauti ilipazwa kutoka nyumba ya pili. Ndiye Kitwana mwenyewe, ambaye tangu mwanzo alikuwa dirishani akisikiliza mambo yasiyomhusu.

Lameki alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliandika *njano* kwenye mstari wa saba kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

"Nakuahidi, bibi. Fremu yako itakuwa ya njano."

"Usiniahidi, baba. Watu wa serikali wakiniahidi huwa wanajenga mnara."

"Hili ni dogo. Nitalisimamia mimi mwenyewe."

Bi Zamoyoni akainuka, akapapasa mpaka jikoni, akarudi na sahani ya kande. "Kula. Ukishakula kwangu nitajua nimeahidiwa na mtu, sijaahidiwa na ofisi."

Lameki akala yote, na chumvi ilikuwa imezidi.

*

Buluu ya taifa ilichaguliwa Alhamisi iliyofuata na kamati ya wajumbe arobaini na mmoja.

Fundi wa Wizara, mtu mzima aliyeitwa Fundi Mpate, alikuwa amekoroga chokaa na buluu kwenye debe, akapaka ubao mmoja kwa brashi ya katani. Chokaa ile ikiwa mbichi ilikuwa ya kupendeza mno: buluu nzito, yenye kina, kama kanga mpya kabla ya kufuliwa. Wajumbe wakaguna kwa kuridhika.

Waziri aliingia akiwa na dakika tano. Alikuwa mama mwenye sauti ya kufungulia mikutano hata anapoomba chumvi mezani.

"Ndugu wajumbe," alisema. "Taifa ni nyumba. Na nyumba ni nini? Nyumba ni ukuta. Na ukuta ni nini? Ukuta ni rangi. Kwa hiyo, ndugu wajumbe, taifa ni rangi."

Makofi yakapigwa. Ambaye angeuliza paa liko wapi hakuwa amealikwa.

Waziri akatoa kalamu atie sahihi Hati ya Buluu. Hapo ndipo Fundi Mpate alipofanya kosa. Alivua kofia akasema, "Mheshimiwa, tungoje kidogo ikauke. Chokaa mbichi ni kama bwana harusi. Ukitaka kumjua, mtazame kesho yake."

"Fundi," alisema Waziri, "serikali haiwezi kukaa ikisubiri ukuta ukauke. Serikali inatangulia."

Akatia sahihi. Mpiga picha akaupiga picha ubao ukiwa bado unang'aa, na picha ikapigwa muhuri. Kabla ya saa sita Fundi Mpate alikuwa amehamishiwa kitengo cha kuchora mistari ya barabarani, ambako, barua ilisema, uzoefu wake wa kukausha ungehitajika zaidi.

Likafuata suala la msisitizo. Fomu elfu nne zilikuwa zimerudi, na Mkurugenzi Kasanzu, bosi wa Lameki, aliziweka mezani kama mtu anayeonyesha kitu kilichookotwa chooni.

"Wananchi walipewa uhuru wa mstari mmoja," alisema, "wakaufanyia fujo. Kuna rangi sitini na tatu humu. Mmoja ameandika *rangi ya chai ya maziwa, lakini si ile ya kwa dada yangu*. Napendekeza msisitizo uwe wa rangi ileile ya ukuta, ili usisitize kile kinachosisitizwa."

Ikapita kwa kauli moja. Nyuma kabisa mkono uliinuka.

"Bwana Mkurugenzi," alisema Lameki, "kuna bibi mmoja..."

"Kijana," alisema Kasanzu, naye hakuwa mtu mkali, alikuwa mtu aliyechoka tu, "kila mahali kuna bibi mmoja. Umebakiza muda gani wa majaribio?"

"Majuma matatu, bwana."

"Basi yamalize."

Lameki akaushusha mkono. Usiku ule alimwandikia baba yake kwamba mwisho wa mwezi angekuwa mtumishi wa kudumu, na baba yake, ambaye hakuwa na haraka ya jambo lolote duniani, akaanza kumwita *Mkaguzi* mbele ya watu siku hiyohiyo aliyoipata barua.

*

Vikosi vya kupaka vilifika Mtaa wa Bomba Kavu na madebe na ngazi, vikapaka upande wa barabarani tu, kwa kuwa Mlezi hakutarajiwa kupita uani. Lameki alisimama mbele ya fremu ya Bi Zamoyoni na fomu mkononi.

"Hii ni njano," akamwambia kiongozi wa kikosi. "Tazama. Mstari wa saba."

"Na huu ni waraka," alisema kiongozi. "Tazama. Muhuri."

Brashi ikapita juu ya ile njano mara tatu. Bi Zamoyoni alikuwa amesimama kibarazani akisikiliza. Aliunyoosha mkono, akaipapasa fremu kama mtu anayempima mgonjwa homa, akaondoa vidole vikiwa vya buluu.

"Nitarudi, bibi," alisema Lameki.

"Njia unaijua wewe," alijibu Bi Zamoyoni. "Unaona."

Kufika saa nane mchana, jua lilikuwa limemaliza kazi yake. Chokaa ilikauka. Ile buluu nzito ya kwenye Hati iliondoka nyumba moja baada ya nyingine, na mahali pake pakabaki weupe fulani mchafu, kama maji yaliyosuuziwa sare za shule. Kitwana alitoka nje, akatazama ukuta wake, akatazama wa jirani.

"Mkaguzi," alimwita Lameki. "Hili ndilo lile Anga la Matumaini, au mmetuletea mawingu yake?"

Lameki alikimbia ofisini na kipande cha chokaa kavu kwenye bahasha. Kasanzu alikilinganisha na picha yenye muhuri, kisha akaenda akafunga mlango.

"Unasema Waziri alitia sahihi rangi isiyokuwepo?"

"Nasema ilikuwepo, bwana, kwa muda wa saa tatu."

"Waziri hawezi kuona vibaya."

"Ndiyo, bwana. Ila chokaa ikikauka..."

"Basi kosa," alisema Kasanzu polepole, akitafuta njia kama anayetembea gizani, "ni la kukauka."

Waraka ulitoka jioni. Ulisema kwamba rangi ya taifa ni buluu kama ilivyothibitishwa. Kwamba imegundulika baadhi ya kuta zina tabia ya kukauka bila idhini. Na kwamba kuanzia kesho hadi Mlezi atakapopita, kila kaya itamwagia maji ukuta wake asubuhi, mchana na jioni, ili uendelee kuwa kama Waziri alivyouona. Kauli mbiu ilikuwa *Ukuta Mbichi, Taifa Hai*.

*

Na ni kweli kwamba ukuta wa chokaa ukimwagiwa maji hurudi kuwa na kina kwa muda. Kwa hiyo waraka, kitaalamu, haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba Mtaa wa Bomba Kavu ulichota maji kisimani, mwendo wa saa nzima kwenda na saa moja na nusu kurudi, ndoo ikiwa kichwani.

Serikali haikuwa na moyo mgumu. Ilileta gari la maji. Kwa miaka kumi na moja watu walikuwa wameliomba gari hilo, na sasa lilikuja mara tatu kwa siku likipiga honi. Watu walitoka na sufuria, madumu, hata mabeseni ya kuogeshea watoto. Kisha dereva akatangaza kwa kipaza sauti kwamba maji haya ni ya kuta.

Ili pasitokee mkanganyiko kati ya ukuta na mtu, maji yalitiwa buluu. Atakayeyanywa angejulikana kwa ulimi. Na wakaguzi, akiwemo Lameki, walipewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na daftari.

"Toa ulimi, tafadhali," alisema Lameki, kwa watoto, kwa kina mama, kwa wazee wa heshima zao waliovua kofia kwanza ndipo wakatoa ulimi. Kila usiku aliota ndimi. Chuoni walikuwa wamemfundisha kutazama nyuso za majengo.

Siku ya tatu alifika kwa Kitwana. Hakumkuta Kitwana tu. Alimkuta pia Bi Zamoyoni, ameketi kitandani kwa Kitwana, viatu amevua, anasuka ukili.

"Hii ni mara ya ngapi?" Lameki alimuuliza Kitwana kwa sauti ya chini.

"Ya nne. Leo sikumwambia. Nimemwacha apumzike kwanza." Kitwana hakuwa na mzaha siku hiyo. "Jana alikosa kabisa, Mkaguzi. Alitumbukia mtaroni. Tazama mkono."

Kifundo cha mkono wa Bi Zamoyoni kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kimevimba.

"Ni yule wa rangi?" aliuliza bibi, akigeuza kichwa pembeni ili jicho lake lipate pa kuchungulia. "Njoo. Najua umekuja kufanya nini."

Akautoa ulimi bila kuombwa. Ulikuwa wa buluu mpaka kwenye koo, buluu safi, buluu ya Hati yenyewe.

"Ukuta umekunywa mara tatu leo," alisema. "Mimi mara moja. Andika."

Lameki aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika: *Amekula zambarau.* Akaijaza hivyohivyo mistari ya daftari ya siku hiyo, nyumba baada ya nyumba, na kufika usiku mtaa mzima ulikuwa umekula zambarau, ingawa msimu wake ulikuwa bado miezi mitano.

*

Sasa, nyumba kumi na nne zinazofanana ukuta, mlango na fremu ni jambo zuri kwa macho, lakini liliwatia wasiwasi watu wa usalama. Wanaume waliotoka kazini walianza kukosea. Mmoja alikula chakula cha jioni, akasifia mchuzi, akalala, na asubuhi ndipo akagundua kwamba mke hakuwa wake. Na mke alisema alikuwa ameshangaa tu kusikia mchuzi ukisifiwa. Watu wa usalama walikaa wakajiuliza: ikiwa raia hajui nyumba yake, adui naye si anaweza kujificha popote, hata nyumbani kwake mwenyewe?

Likazaliwa Zoezi la Utambuzi wa Makazi. Asubuhi ya siku ya Mlezi, kila mkuu wa kaya angesimama barabarani, peke yake, bila kuambiwa kitu na mtu, kisha atembee mpaka mlangoni kwake. Akifika, angeweka dole gumba kwenye hati na nyumba ingekuwa yake. Akikosa, ingeonekana kwamba hana makazi, naye angepelekwa Kituo cha Wasio na Makazi, na nyumba yake ingepewa mgeni mwalikwa wa sherehe, asiye na tatizo la macho.

Lameki aliisoma orodha. Nyumba namba tisa: *Zamoyoni, mjane, atatembea saa tatu na nusu.*

Alikwenda kwa Kasanzu akiwa na fomu ya zamani, ile yenye neno moja na mstari chini yake.

"Bwana, hataufikia mlango. Tunampeleka Kituo cha Wasio na Makazi mtu aliyekaa nyumba moja miaka thelathini."

Kasanzu alifungua mtoto wa meza, akatoa bahasha ya khaki, akaiweka kati yao. "Hii ni barua yako ya ajira ya kudumu. Imeshatiwa sahihi. Nitakukabidhi kesho zoezi likiisha." Akaigonga kwa kidole. "Nikikutazama naona mtu niliyewahi kumjua, kijana. Nilikuwa naye ndani ya shati hili. Nakuomba kesho usimame kando ya barabara, ushike daftari, utazame. Ndiyo kazi uliyosomea."

"Ndiyo, bwana," alisema Lameki.

Akatoka. Badala ya kwenda kwake, alifuata mistari ya barabarani, mistari mipya ya njano iliyonyooka kama uzi, mpaka akamkuta aliyekuwa akiichora.

"Fundi Mpate," alisema. "Nahitaji njano kidogo. Ya kutosha fremu moja."

Fundi Mpate hakuuliza ya nini. Alimimina rangi kwenye kopo la maziwa, akampa na brashi ndogo.

"Hii si chokaa," alisema. "Hii ni rangi ya mafuta. Ikikauka inabaki ilivyo. Nani anajua kwamba umeichukua?"

"Kesho watajua wote."

"Basi paka tabaka mbili," alisema fundi. "Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe kwa kazi nzuri."

*

Asubuhi ya siku ya Mlezi gari la maji lilikuwa limepita mara tano. Kuta zilimeremeta. Maji yalitiririka kutoka kwenye kuta, yakajaza mtaro, yakamwagikia barabarani, na barabara, ambayo haikuwa imezoea kutunzwa hivyo, ilianza kulainika.

Saa tatu Lameki alivuka mtaro na kopo lake. Alivaa ile suruali ya maharage. Watu wa usalama walimwona, wakaona beji yake, wakadhani ni sehemu ya zoezi. Alipiga magoti mbele ya nyumba namba tisa, akaifuta fremu kwa shati la ndani alilokuwa amelivua njiani, akaanza kupaka. Aliteremka upande wa kushoto. Akapanda wa kulia. Kitwana alisimama mlangoni kwake, mdomo wazi. Kisha akaleta stuli, ili Lameki aifikie sehemu ya juu.

Alikuwa kwenye tabaka la pili Kasanzu alipofika, viatu vikizama.

"Lameki. Nini hicho?"

"Msisitizo, bwana Mkurugenzi. Fomu ya nyumba namba tisa, mstari wa saba."

"Shuka."

"Nimebakiza kipande hiki cha kona."

"Lameki, nina barua yako mfukoni." Sauti ya Kasanzu ilishuka, karibu iwe ya kumwomba. "Mwache bibi wa watu. Wapo elfu nne. Utawapakia wote?"

"Hapana, bwana. Niliyekula kwake ni huyu."

Akaimaliza kona. Saa tatu na nusu ikatimia.

Walimleta Bi Zamoyoni mpaka katikati ya barabara, wakamwachia. Alikuwa amevaa kanga yake ya Idi. Alisimama kwenye matope na mkono wake uliofungwa ameuweka kifuani, mbele yake ukuta mmoja mrefu wa buluu, mlango, mlango, mlango. Hakuna aliyeruhusiwa kusema. Aligeuza kichwa kushoto, taratibu. Akakirudisha. Akakielekeza kulia, kidevu juu, kama mtu anayesikia akiitwa kwa mbali.

Kisha akakaza shingo.

Alianza kutembea. Hakupapasa. Alifika kwenye mtaro, akauchungulia kwa mguu, akapita juu ya ubao wa kuvukia, akapanda kibaraza cha namba tisa, akaunyoosha mkono mzima na kuukamata mlango kwenye fremu.

"Hapa," alisema. "Nimefika."

Ofisa wa usalama alimletea hati. Bi Zamoyoni akaweka dole gumba. Alama ilitoka ya njano, na ofisa akaitazama kwa muda, akatafuta kwenye maelekezo kama kuna katazo, hakuliona, akapiga muhuri.

Kasanzu alitoa ile bahasha ya khaki. Hakuichana kwa hasira. Aliikunja mara mbili, kwa uangalifu, akairudisha mfukoni upande wa moyo, na akanyoosha mkono kuidai beji. Lameki akaivua akampa.

"Nani atamwambia baba yako?" aliuliza Kasanzu.

"Mimi mwenyewe, bwana."

Kasanzu akatikisa kichwa kuitikia, akaondoka akizama na kunyanyuka, akizama na kunyanyuka, mpaka akapotea kwenye kona.

Saa saba ilitangazwa redioni kwamba barabara ya Mtaa wa Bomba Kavu imekuwa tope lisilopitika, na kwamba msafara wa Mlezi umepita njia nyingine, ambako nyumba hazikuwa zimepakwa chochote, naye amefurahishwa sana na mwonekano. Gari la maji halikuja tena. Kufika alasiri kuta zilikuwa zimekauka, zimerudi kwenye ule weupe wake mchafu, nyumba kumi na nne, na kipande kimoja cha njano.

Lameki alikuwa bado amesimama pale nje, kopo tupu mkononi, bila kujua aelekee wapi. Kesho ingebidi amwandikie baba yake. Keshokutwa angelazimika kuhama chumba cha watumishi. Alikuwa akifikiri namna barua hiyo itakavyoanza, na hakuipata.

Bi Zamoyoni alitokeza mlangoni, akageuza kichwa pembeni.

"Nani huyo kasimama hapo?"

"Mimi, bibi. Yule wa rangi."

"Wa serikali?"

"Hapana, bibi. Wa rangi tu."

Bi Zamoyoni akasogea kumpisha. Ndani kulikuwa na harufu ya kande.

"Basi ingia ule," alisema. "Lakini tazama usiguse fremu yangu, bado mbichi."